Kuuliza habari za kasa bila kujua nani kamla

SWALI: "Assalaam aleikum, Maalim. Mimi ni binti wa Siyu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni. Utafiti wangu ni juu ya ulaji wa nyama ya kasa katika visiwa vya Lamu. Nilianza kwa kuuliza watu waziwazi, na kati ya watu thelathini na mmoja hakuna aliyekubali kwamba amekula. Nimekulia huku, najua mambo hayako hivyo. Msimamizi wangu kanipa makala ya Kiingereza yasemayo mtu arushe dadu kabla ya kujibu. Nimeyasoma mara tatu na bado sioni dadu na kasa vinakutana wapi. Fedha nilizonazo zatosha kuhoji watu 200 tu. Njia hii yafanya kazi kweli? Nitaifanyaje kwetu? Na jina la kijiji niliandike au nisiliandike?"

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza waondolee lawama hao thelathini na mmoja. Kasa analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, nawe umekwenda na kalamu na karatasi, ukaketi barazani, ukamtaka mtu akiri kosa huku jirani yake anakunywa kahawa hatua mbili pembeni. Ungenijia mimi ningesema la, na maisha yangu yote nimekuwa mtu wa takwimu.

Kosa la wengi wanaofanya utafiti wa aina hii ni kudhani kwamba ahadi inatosha. Wanamwambia mzee wa watu, "Majibu yako ni siri, hatutamwonyesha mtu." Mzee anaitika kwa adabu, halafu anajibu kama alivyokusudia tangu mwanzo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na hapo kata ni wewe. Leo umeahidi, kesho daftari linasahauliwa ndani ya boti kutoka Mtangawanda, au ami yako anakuuliza chakulani, "Hivi fulani alikwambia nini?" Au anakuja mtu mwenye cheo na barua mkononi. Uaminifu wako wote hauwezi kulifuta jibu ambalo tayari unalo. Basi kazi iliyoko ni kupanga mambo ili wewe mwenyewe usijue, na bado upate hesabu ya kundi zima. Dadu inaingia hapo.

Aliyelifungua jambo hili ni Mmarekani Stanley Warner, katika makala yake ya 1965. Alimpa mhojiwa kishale cha kuzungusha juu ya duara. Duara lina sehemu mbili zisizo sawa: moja imeandikwa "mimi ni wa kundi lile", ya pili "mimi si wa kundi lile". Mtu anakizungusha peke yake, anatazama kimesimama wapi, kisha anasema neno moja tu: kweli, au si kweli. Mhoji hajui kishale kilisimama wapi, kwa hiyo hilo "kweli" alilolisikia halimwambii kitu juu ya mtu huyu. Lakini ukubwa wa sehemu za duara anaujua, na akishakusanya mamia ya "kweli" na "si kweli", hesabu inamrudisha kwenye idadi ya walio katika kundi. Miaka michache baadaye watafiti wa North Carolina walitumia kisanduku cha plastiki chenye vigololi vya rangi mbili kuulizia utoaji mimba, jambo ambalo wakati ule mwanamke hakulisema kwa mgeni. Katika Afrika Kusini, Freya St. John na wenzake, katika makala ya 2012, walitumia dadu kuwauliza wakulima na wafugaji kuhusu kuua wanyama wanaokula nyama, chui wakiwamo. Hilo la mwisho lafanana sana na lako: mnyama analindwa, muuaji ni jirani mwema, na kila mtu ana sababu zake.

Sasa dadu yenyewe. Usiichukue. Mimi niliichukua, nikiwa kijana mwenye shahada mpya, nikaitoa mfukoni mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akisuka kamba. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kamari yako kacheze mjini." Mahojiano yaliisha kabla hayajaanza, na ile nyumba ya pili habari ilitangulia kufika kuliko mimi. Sarafu ni afadhali kidogo. Hizi mpya za tangu 2018 zina wanyama upande mmoja, na ile ya shilingi ishirini ina ndovu, kwa hiyo "ndovu au ngao" yaeleweka hata na mtoto. Ila sarafu inakupa nusu kwa nusu tu, na baadaye utaona kwamba nusu ni ghali. Tena inarushwa, inaanguka mchangani, na watoto wote wanaona imelalia upande gani.

Tumia shanga. Shona kifuko cha kitambaa kizito chenye mdomo wa kupita vidole tu, utie shanga kumi zilizo sawa kwa ukubwa na uzito: sita nyeupe, mbili nyekundu, mbili nyeusi. (Usichukue za tasbihi. Kuna atakayekuuliza.) Mpe mhojiwa kifuko kwanza azimwage na kuzihesabu mwenyewe, aone hakuna hila. Kisha akitikise, atoe ushanga mmoja, autazame ndani ya kiganja na kuurudisha, nawe umempa mgongo unatazama bahari. Kanuni ya kawaida vitabuni ni hii: akipata mweupe, ajibu swali la kasa kwa ukweli, akipata mwekundu, aseme "Ndiyo" hata kama hajawahi, akipata mweusi, aseme "La" hata kama amekula jana.

Na hapa ndipo vitabu vinapowaacha watu wa kwetu. Mtu asiyekula kasa anapata mwekundu. Unamwambia aseme "Ndiyo". Atakujibu, na ana haki, kwamba huo ni uwongo, tena uwongo wa kujisingizia haramu ya serikali. Wengine hawatakwambia, watasema "La" kimyakimya na hesabu yako itaharibika bila wewe kujua. Nilihangaika na hili muda mrefu, mpaka nikaona kwamba tatizo li katika maneno, hesabu yenyewe haina neno. Andika kadi hivi:

Ushanga mweupe: "Je, tangu kaskazi iliyopita ianze, umekula nyama ya kasa?"
Ushanga wa rangi nyingine yoyote: "Je, ushanga ulioutoa ni mwekundu?"

Mwenye mwekundu atasema "Ndiyo" na ni kweli. Mwenye mweusi atasema "La" na ni kweli. Hakuna aliyedanganya, na kwa upande wa hesabu hakuna kilichobadilika hata chembe. Asiyesoma, msomee kadi mara mbili kabla hajagusa kifuko.

Utaona nimeandika kaskazi badala ya "miezi sita iliyopita". Mvuvi wa kwetu hahesabu bahari kwa kalenda ya ukutani. Kaskazi anajua ilianza lini na alikuwa wapi. Angalia pia kwamba nimeuliza kula, sikuuliza kuchinja wala kuvua. Hayo ni makosa tofauti ya watu tofauti, na ukiyachanganya katika swali moja hutajua umepima nini. Aliyekaribishwa kwa shemeji akala bila kuuliza ni mmoja, aliyemgeuza kasa chali ufukweni ni mwingine.

Twende kwenye hesabu, ambayo makala yako yameifanya iwe kubwa kuliko ilivyo. Nambari ninazotumia ni za mfano tu, usije ukazinukuu kuwa ndizo za Lamu. Una watu 200. Katika shanga kumi, mbili ni nyekundu. Kwa hiyo watu kama 40 watasema "Ndiyo" kwa sababu ya ushanga peke yake, hata visiwa vyote visiwe na mtu aliyewahi kuonja kasa. Wengine kama 40 watasema "La" kwa sababu ya nyeusi. Waliobaki, 120 hivi, ndio waliojibu swali lako. Huwajui ni akina nani, lakini wajua ni kama 120. Tuseme umepata "Ndiyo" 64. Toa 40 za shanga, zinabaki 24. Gawa 24 kwa 120: ni asilimia 20. Kwisha. Mbinu nzima ni kutoa kisha kugawa.

Tazama sasa siri ya watu ilivyokaa. Kama asilimia 20 ndiyo kweli, kati ya 200 waliokula ni 40. Hao 40, kwa wastani, 24 wamepata nyeupe wakakiri, na 8 wamepata nyekundu, jumla 32 wamesema "Ndiyo". Wasiokula ni 160, na 32 kati yao wamepata nyekundu wakasema "Ndiyo" vilevile. Yaani zile "Ndiyo" 64 zimegawanyika sawasawa: nusu wamekula, nusu hawajagusa. Mtu akikunyang'anya daftari na kumshika mmoja wao mkono, hana anachojua zaidi ya kurusha shilingi. Na aliyesema "La" naye si msafi kabisa, kwa kuwa wapo wanane waliokula na kusema hivyo. Hili ndilo la kumweleza mhojiwa. Ahadi zako mwekee akiba.

Lakini siri hii ina bei, na hakuna makala yatakayokwambia bei hiyo kwa lugha ya mfuko wako. Kama watu 200 wote wangekujibu ukweli waziwazi, makadirio yako ya asilimia 20 yangeyumba kama pointi tano na nusu juu au chini. Kwa shanga yanayumba karibu pointi 11. Yaani utaandika kwamba waliokula ni kati ya asilimia 9 na 31. Ili upate usahihi ule wa kwanza ungehitaji kuhoji watu 756 hivi, karibu mara nne. Unaweza kupunguza gharama kwa kuongeza nyeupe: nane nyeupe, moja nyekundu, moja nyeusi. Hapo kuyumba kunashuka hadi pointi saba na nusu hivi. Ila sasa mtu aliyesema "Ndiyo" ana uwezekano wa asilimia 69 kuwa kweli amekula, badala ya 50. Kila ushanga mweupe unaoutia unanunua usahihi kwa siri ya mtu mwingine. Mimi nikiwa na kasa na sheria na kijiji kidogo, nabaki kwenye sita. Ungekuwa unaulizia jambo la aibu tu lisilo na kesi, ningekwenda nane.

Kwa hiyo usijaribu kulinganisha Siyu na Faza, au vijana na wazee, kwa watu 200. Huna nguvu hiyo. Una jibu moja la visiwa vyote kwa pamoja, nalo kwa tasnifu ya shahada ya kwanza latosha, mradi uliandike pamoja na kuyumba kwake.

Kuna balaa moja lazima nikuonye. Miaka mingi nyuma nilisaidia utafiti Malindi juu ya juya, ile nyavu ya kukokota ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001. Tulitumia kanuni ya kulazimisha "Ndiyo", maelezo yakatolewa haraka haraka kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Matokeo yalipokuja, "Ndiyo" zilikuwa asilimia 17 tu, wakati bahati peke yake ilitakiwa ilete 20. Fanya hesabu yako: 17 toa 20, gawa kwa 0.6. Asilimia hasi tano ya wavuvi walitumia juya. Waliotulipa walicheka, mmoja akauliza kama maana yake ni kwamba wako wavuvi wanaorudisha samaki baharini. Lakini jibu lile hasi ndilo lililosema kweli kuliko ripoti nzima: watu waliopata alama ya kusema "Ndiyo" walikataa kuisema. Si wenye hatia peke yao waliojificha. Wasio na hatia ndio hasa waliokataa kuchafuliwa. Nambari hasi ukiiona, shukuru, kwa kuwa imekuonyesha ugonjwa. La hatari ni pale watu wachache tu wanapokataa, ukapata asilimia 8 nzuri yenye kupendeza, kumbe ilitakiwa 20.

Ndiyo maana nusu saa ya kueleza ni muhimu kuliko hesabu. Njia ninayoipenda ni kugeuza kibao. Mpe mhojiwa kadi ya mazoezi, mwambie: "Sasa wewe niulize mimi, nyeupe ikitoka nitajibu kama utotoni niliwahi kuiba embe." Toa ushanga, utazame peke yako, sema "Ndiyo". Kisha mwulize, "Haya, niliiba au sikuiba?" Atafikiri, atacheka, atasema, "Sasa nitajuaje?" Hapo ameelewa, na maneno ya kitabu hayamfikishi mtu pale ambapo kicheko hicho kinamfikisha. Akikujibu kwa uhakika kwamba uliiba, rudia mazoezi.

Msimamizi wako pengine atakutajia njia nyingine mbili, maana siku hizi zinapendwa, basi nizipitie.

Ya kwanza ni ya orodha. Unawagawa watu makundi mawili kwa kura. Kundi moja unalisomea mambo manne ya kawaida, kwa mfano kwamba mwaka huu mtu amepanda punda, amekwenda Mombasa kwa basi, amepanda ndege, amenunua simu mpya. Anakwambia ni mangapi yanamhusu, hasemi yapi. Kundi la pili linasomewa hayo hayo na la tano, kwamba amekula kasa. Ukitoa wastani wa kundi la kwanza kutoka wa pili, kinachobaki ni sehemu ya waliokula: 2.1 ikawa 2.3, basi asilimia 20. Inapendeza, haina kifuko, haina ushanga, na mtu hahitaji kuelewa kitu. Lakini orodha lazima ichanganye ya kawaida na ya nadra. Ukiweka mambo manne yanayomhusu kila mtu, yule atakayesema "matano" amejifunga mwenyewe. Na gharama yake inatisha. Kwa watu 200, mia kila kundi, kama hesabu za watu zinapishana kwa kiasi cha jambo moja hivi, makadirio yanayumba pointi 28 kila upande. Asilimia 20, juu au chini 28! Hiyo si habari. Ili uifikie ile tano na nusu ungehitaji watu kama 5,000. Kwa fedha zako iache.

Ya pili iliandikwa 2008 na Yu, Tian na Tang. Mhojiwa anapewa maswali mawili kwa pamoja, la kasa na lingine lisilo na madhara ambalo mhoji hajui jibu lake, kisha anasema tu kama majibu yake mawili yanafanana au yanatofautiana. Hakuna "Ndiyo" wala "La", hakuna neno la kuogopa. Vitabu hutumia mwezi wa kuzaliwa wa mama. Kwetu, wazee wengi kitambulisho chao kina mwaka wa kukadiria, na siku ya kuzaliwa hukumbukwa kwa mfungo na kwa kifo cha nani. Ningetumia simu: achague kimoyomoyo mtu mmoja kati ya anaowapigia, aangalie kama nambari ya mwisho ni 0, 1 au 2. Usitumie nambari yake mwenyewe, maana nusu ya mji wanayo. Njia hii ina wapenzi wengi, mimi simo. Höglinger na Diekmann, mwaka 2017, waliuliza kwa njia hii mambo ambayo karibu hakuna mtu anayo, kama kuwekewa kiungo cha mtu mwingine mwilini, na bado ikaleta watu. Sababu yaonekana ukikaa nayo. Mtu aliyechoka anajibu ovyo, nusu kwa nusu, na kujibu ovyo katika njia hii kunasukuma makadirio kuelekea asilimia 50. Kama hakuna aliyekula kabisa lakini mtu mmoja katika kumi anajibu ovyo, kwa mpango huu wa simu utaripoti asilimia 5 ya walaji kasa ambao hawapo. Kwa jambo la nadra huo ni msiba, kwa sababu utakisingizia kijiji kizima.

Umeuliza kama njia ya bahati yafanya kazi kweli. Jaribio ninaloliamini kuliko mengine ni la Mississippi. Mwaka 2011 jimbo lile lilipiga kura juu ya pendekezo la kuihesabu mimba kuwa mtu kamili tangu inapotungwa, na likashindwa. Matokeo halisi yalijulikana, jambo la nadra katika kazi yetu. Rosenfeld, Imai na Shapiro wakawahoji wapiga kura kwa njia mbalimbali, wakachapisha 2016. Walioulizwa waziwazi walificha sana kura yao ya kupinga. Njia za kuzunguka zote zilisogea karibu na ukweli, na ya kubahatisha ndiyo iliyokaribia kuliko zote. Kabla yao, Lensvelt-Mulders na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2005 wakaona vivyo hivyo: inapata ukweli zaidi ya kuuliza uso kwa uso, ila si ukweli wote. Basi asilimia utakayoipata ichukulie kuwa kiwango cha chini.

Jambo moja zaidi juu ya kifuko. Swali hilo hilo usimwulize mtu yule yule mara nyingi. Katika mfano wetu, kabla hajafungua mdomo uwezekano wake ni asilimia 20. "Ndiyo" moja inaupandisha hadi 50. Ukirudi mwezi ujao akasema "Ndiyo" tena, ni 80. Mara ya tatu, 94, na kifuko chako kimegeuka mtego. Hata kampuni za kompyuta zimekutana na shida hii. Google ilipoanza kukusanya takwimu za kivinjari chake kwa njia hii hii ya Warner, mbinu waliyoitangaza 2014, ilibidi kila kifaa kiweke jibu moja la kubahatisha la kudumu na kulitumia hilo hilo, ili marudio yasimwanike mtu. Hesabu ya kupima siri inavuja kiasi gani kwa kila jibu ilikuwa imewekwa sawa tangu 2006 na Cynthia Dwork na wenzake, na sensa ya Marekani ya 2020 iliitumia. Kwako inatosha kumwuliza kila mtu mara moja.

Na wewe ni binti, kwa hiyo mlango wa ndani uko wazi kwako kuliko ulivyokuwa kwangu. Wanaume watakwambia habari za bahari, lakini nyama iliyoingia chunguni anaijua aliyepika. Mhoji mwanamke peke yake, mume asiwe kizingitini. Kifuko hakimsaidii mtu ikiwa mwenzake anausoma uso wake.

Sasa kijiji. Usiliandike, na usiishie hapo. Watu wengi wakishapata kifuko wanadhani siri imekwisha kulindwa, kumbe kifuko kinalinda jibu moja tu. Mwanamke wa miaka sitini, mjane, msusi wa mikeka, wa Ndau: umeandika jina lake bila kuandika herufi moja ya jina. Andika eneo kubwa, kwa mfano kisiwa cha Pate chote, Lamu mjini pamoja na Shela, na bara. Umri uwe wa mafungu mapana, na kazi iache kama huihitaji. Ukitumia simu au tableti kujaza hojaji, zima kipimo cha mahali, na futa saa ya kila mahojiano, kwa sababu anayejua ulikuwa nyumba gani saa nne na robo anajua karatasi ni ya nani. Shukrani usiwatumie kwa M-Pesa. Hiyo ni orodha kamili ya uliowahoji, tena haiko mikononi mwako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe mwanafunzi kama inavyohusu benki. Na fomu ya ridhaa: kamati ya maadili ya chuo itakutaka mhojiwa atie sahihi. Waombe ridhaa ya mdomo, ueleze sababu. Ni kichekesho kumfichia mtu jibu kwa shanga kumi halafu kumwekea jina na sahihi katika karatasi iliyobanwa juu yake.

Kabla hujapanda boti, fanya jaribio la watu 20 hapo Lamu mjini. Weka kwenye kadi swali ambalo jibu lake unalijua, kwa mfano kama yeye mwenyewe amewahi kufika mwezini. Shanga nyekundu zinatakiwa zikuletee "Ndiyo" kama nne. Ukipata tatu au sita, sawa. Ukipata sifuri, ujue bahati peke yake ingeleta hivyo mara moja tu katika mia: watu wanakataa kusema "Ndiyo", na kasa usiwaulize bado. Niandikie umepata ngapi.